Mkono wa Kushoto wa Mutua

Kama uliwahi kupuliza kaseti ya gemu kwa pumzi yako yote, ukaichomeka tena huku ukimwomba Mungu, basi wewe ni wa rika langu na sina haja ya kukueleza mengi. Sogea tukumbushane. Hawa wa siku hizi wakiona kaseti wanauliza chaja inaingilia wapi.

Sisi tulikulia Mwala, kwenye nyumba ya bati yenye TV moja ndogo isiyo na rangi na betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa, punda akiibeba. Gemu ililetwa na mjomba Krismasi moja. Kaka yangu Mutua, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyejua kuunganisha nyaya bila kupigwa shoti. Kaseti ilikuwa moja tu: kandege kadogo kanakwepa risasi, na ukifika hatua ya tatu kanapanda juu ya mawingu. Jamani, ile hatua ya mawingu! Risasi zilikoma, muziki ukaanza kuyumba polepole, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, nami nikasahau hata kwamba nina miguu yenye vumbi. Kwetu mvua ilikuwa ya kubahatisha, kwa hivyo mawingu mazito niliyaona zaidi ndani ya ile TV kuliko juu ya paa letu. Nikilala niliyaota, yakiimba.

Shida ilikuwa spika. Panya walikuwa wametafuna karatasi yake, ikabaki kutoa sauti nyembamba za juu tu, ti-ti-ti. Mutua akasema wimbo usio na besi ni kama kula muthokoi usio na chumvi. Basi mimi nikishika pedi ya gemu, yeye aligeuza mtungi wa maji, akaupiga kwa kiganja na kuongezea kwa mdomo: ndu, ndu-ndu. Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama, alipaza sauti kutoka jikoni, kwenye moshi na harufu ya kunde: "Huo mtungi ni wa maji, si wa ngoma! Mtoni mtaenda saa ngapi?" Tulienda, tukachimba mchangani mpaka maji yakachomoza, lakini kurudi tulirudi mbio.

Na tulicheza roho mkononi, kwa sababu betri ilikuwa ya baba. "Betri ni ya habari," alisema, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Habari za saa moja zikikosekana kwa ajili ya kandege ketu, fimbo haikukosekana. Bahati nzuri baba alikuwa na desturi ya kukohoa akiingia uani, kikohozi kimoja kizito, na kabla hajafika mlangoni TV ilikuwa imezimwa na sisi tumeshika vitabu, changu kikiwa kichwa chini miguu juu. Siku hizi nafikiri alijua. Nafikiri ndiyo maana alikohoa.

Sasa mimi ni mwalimu wa piano, Machakos mjini. Nilifunzwa na masista katika shule ya bweni, na nimepiga nyimbo za kanisa mpaka vidole vinajua Jumapili bila kuambiwa. Mwaka huu nikashikwa na hamu ya kuuandika ule wimbo wa mawingu, upigwe kwa piano peke yake. Binti yangu Mumbua akanicheka: "Mum, hiyo ngoma iko hapa kwa simu, yote. Unajisumbua ya nini?" Kweli ilikuwepo. Nikasikiliza, nikaduwaa. Besi yake halisi ilikuwa nyingine kabisa, laini, imenyooka, na sikuijua. Ulikuwa wimbo wa watu wengine. Mkono wa kulia nikauandika kama simu ilivyosema. Mkono wa kushoto nikaandika ndu, ndu-ndu ya Mutua.

Kuna jambo nimekuwa nikilikwepa. Mimi na Mutua tulikuwa hatujaongea miaka mitatu. Tulipomzika baba tuligombana juu ya shamba la kando ya mto. Yeye alisema binti aliyeolewa hagawiwi, nami nikamwambia mbele ya wazee kwamba baba aliugua yeye akiwa kwa shughuli zake Athi River, hata kikohozi chake hakukisikia. Nilijua si kweli. Alikuwa akifanya zamu mbili kule kiwanda cha nguo cha EPZ ili dawa zipatikane. Neno lile nimelijutia kila siku.

Kwa hiyo nilipomaliza kuandika nilijirekodi kwa simu, nikamtumia. Sikuandika salamu, salamu ilinishinda. Nikaona amefungua. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nilitazama ile simu mpaka Mumbua akaniuliza, "Mum, na Dad anajua huyo mtu?" Mtoto hana adabu hata kidogo.

Siku ya tatu ikaingia sauti ya Mutua, cherehani za kiwanda zikinguruma nyuma yake. "Mwende, umekosea hapo mwisho. Umejaza ndu mbili. Mimi hapo nilikuwa nanyamaza." Akaongeza: "Nilikuwa nasikiza kama baba ameingia." Kisha akapiga kitu kwa kiganja, meza nadhani, ndu, ndu-ndu, akaacha pengo, akaendelea. "Hiyo ya shamba tutaongea Jumapili nikikuja. Kwanza rekebisha hapo."

Nililia, sitaficha.

Watoto wetu wana bahati. Wana nyimbo nzima-nzima masikioni, na betri yao haina habari za mtu. Siwaonei wivu, spika nzuri ni kitu kizuri. Lakini Mumbua hajawahi kumhitaji ndugu yake ili wimbo utimie, na hilo linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kumweleza. Sisi TV yetu ilikuwa mbovu, ikabidi tusaidiane.

Nimefuta zile noti mbili. Sasa nikifika mwisho wa mawingu mkono wa kushoto unatulia, nami nageuza shingo kidogo kuelekea mlangoni.