Haya ya Laurent kwenye Kipandio cha Naviundu

Laurent alikuwa fundi wa motokari katika mtaa uitwao Kenya, na mdomo wake ulijulikana kuliko spana zake. Mtu akikwama matopeni, yeye huyo mbio kumfundisha: "Angalia kwanza ni magurudumu gani yanavutwa na mashini. Uzito weka hapo. Gurudumu lisilokandamizwa haling'ati udongo, linazunguka bure." Na alisema kweli, ndiyo maana aibu ya siku ile haikumtoka mpaka uzeeni.

Ilikuwa Ijumaa ya Januari 1970, baada ya mvua ya usiku kucha. Mama mkwe wake, mama Clotilde, alikuwa nyumbani kwa Laurent, Naviundu, akimsaidia binti yake Ngalula, mke wa Laurent, na mtoto mchanga. Telegramu ikafika: mama mzazi wa mama Clotilde, huko Mwene-Ditu, Kasai, amezidiwa na anamwita. Treni ya Kasai ilikuwa iondoke saa nne asubuhi, na nyingine ni mpaka Ijumaa ijayo.

Renault 4 ya Laurent ilivutwa na magurudumu ya mbele. Mama Clotilde alikaa nyuma, kwa sababu kwao Kasai mkwe hakai bega kwa bega na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni.

Kwenye kipandio, ule mwinuko wa kutoka mtoni kuelekea stesheni, motokari ikagoma. Mlima ulirudisha uzito nyuma, na mama Clotilde, tusidanganyane, hakuwa mwepesi. Magurudumu ya mbele yakabaki kurusha tope. Dawa yake Laurent aliijua: amwombe mama ahamie mbele. Hakuthubutu, fundi mzima, msemaji wa mtaa! Akahamishia mbele valizi ya nguo, haikutosha. Akatandaza majani, akamwaga mchanga, akapanga mawe. Saa tatu ikapita. Yule mama alikaa na tikiti mkononi, akimwamini.

Kasonde, muuza makaa, akapita akisukuma baiskeli yake.

"Fundi, iko nini? Weka mama pa mbele. Ile motokari si inavuta na mbele?"

Mama Clotilde alisikia. Akashuka na magoti yake mabovu, akakanyaga tope, akaketi mbele, uso dirishani. Motokari ikapanda bila ubishi. Laurent aliendesha amejibana mlangoni, jasho likimtoka.

Walipofika stesheni, wachukuzi walikuwa wakifagia. Treni ilishakwenda.

"Bukwe," mama Clotilde alimwita mkwe wake bila kugeuka. "Ulijua?"

Angeweza kudanganya.

"Nilijua, mamu. Nilikuwa na haya."

Mama akaikunja ile tikiti.

"Mama yangu iko ananingojea, bukwe. Miye ningekaa hata pa juu ya mashini."

Bibi wa Mwene-Ditu alizikwa Jumatano. Aliyempokea mtu wa posta na telegramu mlangoni alikuwa Laurent, na ilibidi aingie ndani yeye mwenyewe kumwambia mama Clotilde.