Kiti Alichokiacha Rebe

Papa Prezida alipokisukuma kile kitabu kwa ncha ya kiatu, subira yangu ilikatika pale pale.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimempeleka Neema, binti yangu wa miaka sita, kwenye darasa la Kiswahili la watoto wetu waliozaliwa huku Guangzhou. Ni chumba kimoja tu, ghorofa ya tano, nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu. Hatuna kingine. Nilikuta ngazi na mlango vimezibwa na marobota ya jinzi kutoka Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, yananuka ile rangi mbichi inayokaba koo. Madawati yamerundikwa ukutani, vitabu viko sakafuni. Neema akaokota kimoja, akakipangusa vumbi, akakibusu.

Mwenye marobota, mwenyekiti wa jumuiya yetu, huyo tunayemwita Papa Prezida, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mama Neema, mtoto anabusu karatasi? Mfundishe kubusu robota, ndilo linalomlisha!"

Akasukuma kitabu kingine kwa kiatu ili apite.

"Watoto watasoma wapi, Papa?"

"Mei you," akasema. Hakuna. Alinijibu Kichina, kama muuza duka anayemfukuza mteja.

Maneno niliyomwambia siyaandiki hapa, maana baadhi yenu mnasali. Lakini nilipopiga magoti kuokota vile vitabu, vumbi likanipanda puani, nami nikarudi utotoni.

Ndugu zangu, kubusu kitabu kilichoanguka Neema amejifunza kwangu, nami nilijifunza kwa Wayahudi. Nilikuja hapa na mama kutoka Lubumbashi nikiwa na miaka saba. Mama alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye nyumba ya Wahasidi, wale wanaume wa makoti marefu meusi na misokoto ya nywele pembeni mwa masikio. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na yeshiva, chuo chao cha dini, chumba kilichojaa mabenchi na vitabu vizito kama matofali. Wavulana walisoma wawiliwawili kwa sauti, wakibishana juu ya mstari mmoja huku wakipiga meza. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na yai langu la kuchemsha, nikisubiri ngumi ya kwanza. Miaka yote ile haikurushwa hata moja. Nilisikitika sana.

Kisha kukatokea maneno. Baadhi ya wababa walisema dunia imebadilika, kelele za kizamani basi, wavulana wapelekwe shule ya kisasa, na kile chumba kiwe ukumbi wa karamu. Mwalimu wao, mwenye nyumba, alikonda. Mkewe, Madame, aliyezungumza Kifaransa na mama, alikuwa akikata vitunguu na kulia hata pale ambapo hapakuwa na kitunguu.

Ndipo rebe, kiongozi wao mkubwa, akaja kutoka ng'ambo. Mzee mdogo wa mwili, ndevu nyeupe, viatu vimechakaa. Wababa walimnunulia kiti cha mahameli nyekundu, wakakiweka mbele ya meza kuu ya sebuleni. Mama alinionya mapema, "Kiti cha rebe hakikaliwi na mtu mwingine, hata akiwa hayupo. Ukithubutu nitakukata masikio."

Rebe aliwasikiliza wababa mpaka wakaishiwa. Hakubishana nao. Aliinuka tu, akaomba kiti chake kihamishiwe kwenye chumba cha yeshiva, katikati ya mabenchi. Akaketi na mvulana mdogo kuliko wote, wakafungua kitabu, na yule mtoto akaanza kumbishia rebe na kupiga meza mbele ya baba yake! Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi.

Alipoondoka, nikaona kiti kimebaki. Nikakimbia hadi kwenye lifti nikipiga kelele, "Mzee! Umesahau kiti!" Mama akamtafsiria Madame kwa Kifaransa, Madame akamtafsiria yeye. Rebe alicheka mpaka ndevu zikacheza. "Mwambieni sijasahau."

Nilidhani mzee anaona aibu kukiri. Miezi mizima mama alikifuta kile kiti kwa kitambaa kilaini, akijipinda ili nguo yake isikiguse. Karamu haikuja. Nani angecheza muziki akizunguka kiti cha rebe? Nani angethubutu kukiondoa?

Haya nimeyaelewa Jumamosi ile, nikiwa nimepiga magoti kati ya marobota. Yule mzee aliweka heshima yake yote mle ndani na kuondoka, ili atakayetaka chumba aanze kwa kuivunja.

Mimi sina kiti anachokiogopa mtu. Papa Prezida hasimami hata kunisalimia. Ila sekondari nilimaliza, na kuandika najua. Sitasema nimemsamehe, sijamsamehe. Nataka atoke jasho. Jumatatu nilipeleka barua hii kwa kamati ya jumuiya, nakala kwa meneja wa jengo, na nakala nyingine, kwa Kichina, kwa wakaguzi wa moto:

"Mimi, mzazi wa mwanafunzi wa darasa la Jumamosi, namlalamikia mwenyekiti wa jumuiya. Amekigeuza chumba cha watoto kuwa ghala lake bila idhini ya wazazi, na mizigo yake imeziba ngazi ya dharura ya ghorofa ya tano. Picha zimeambatishwa. Naomba chumba kirudishwe kabla ya Jumamosi ijayo, na avuliwe uenyekiti. Marobota ayashushe kwa ngazi, yeye mwenyewe, bila wachukuzi, watoto wakiwa wanaangalia. Na kitabu alichokisukuma kwa kiatu akiokote kwa mkono wake. Kukibusu simlazimishi."