Dirisha la Uraia

Karani wa dirisha la uraia huupulizia muhuri wake kama anayepoza uji, kisha mara nyingi hagongi. "Lete cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na nchi hii," humwambia kila mtu kwa sauti ileile, kidole gumba kikinyoosha fomu isiyo na mkunjo hata mmoja. Kila Jumatatu mama yake mzazi hupanga foleni hapo. Asubuhi karani hunywa naye chai, humshika mkono kumvusha barabara, halafu huzungukia ndani, huvaa miwani na kumuuliza jina lake.

"Mwanangu, nchi hii nimeizidi umri," mama alimwambia juzi. "Siku ilipozaliwa nilikuwa uwanjani, msichana mkubwa, nikaipigia makofi. Labda mimi ndiye wa kuiandikia cheti."

"Naelewa, mama. Lakini bila cheti unahesabiwa mgeni."

"Sawa. Na aliyezaliwa na mgeni anahesabiwa nani?"

Karani aliupulizia muhuri mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akavua miwani, akafunga droo, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaja kusimama kwenye foleni nyuma ya mama yake, wote wawili wakilitazama dirisha lisilo na mtu.