Nailoni Niliyokivalisha Kioo

Nikikumbuka asubuhi ile bado nataka kurukaruka, na bado nataka kujizaba kofi.

Nilikuwa napakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Thika. Mashine yetu iliendeshwa na mama mmoja wa kutoka Magharibi mwa Kenya, mkazi wa Mugutha, ndiye aliyenifunza kazi. Makelele ya mitambo ya miaka mingi yalikuwa yamemharibia masikio, lakini hayakumzuia kitu. Macho yalikaa kwenye biskuti, kidole kikatafuta kitufe chenyewe.

Kisha vitufe vikang'olewa, tukaletewa kioo cha kugusa. Kizuri ajabu! Nami, kama mtu yeyote wa kwetu Gitothua aliyenunua rimoti mpya, nilikivalisha nailoni mara mbili na kukizungushia selotepu, kisije kikashika mafuta. Hata supavaisa alinisifu.

Kila kilipoguswa kioo kililia, sisi tukasikia. Mama hakusikia. Alibonyeza, akadhani hakijashika, akabonyeza tena, na mashine iliyokuwa imeanza ikasimama. Biskuti zikarundikana, zikavunjika. Siku ya tatu supavaisa akampigia kelele mbele yetu sote: "Mathe, kesho ukizima line tena, unaenda kufagia store!"

"Hii kitu hainijibu," mama akaniambia baadaye. "Ile ya zamani ilikuwa inanijibu kwa kidole."

Kesho yake, kabla ya kazi kuanza, nilikuwa nakifuta kioo. Selotepu ya pembeni ilikuwa imeachia, kidole changu kikapenya chini ya nailoni. Kikagongwa! Niliruka nyuma nikidhani nimepigwa na stima. Nikagusa tena. Tup. Pigo dogo, safi, kama la kitufe kinachozama, na kitufe hakipo! Nikagusa juu ya nailoni: mlio tu, pigo hakuna. Chini: tup! Niliirarua yote kwa kucha, huku nikicheka na kujitukana. Siku tatu kioo kilikuwa kinamjibu mama wa watu, na mimi ndiye niliyekiziba.

"Mama, kuja! Weka kidole hapa!"

Akagusa. Akanitazama. Akagusa tena, akafumba macho.

"Uuwi! Kumbe inajibu!"

Supavaisa alisimama nyuma yake karibu saa nzima, mikono kifuani. Mama hakukiangalia kioo hata mara moja. Kidole kikawasha, kikazima, kikawasha, na mashine haikusimama ovyo hata mara moja. Supavaisa akashusha mikono, akaondoka, na mimi nusura nipige vigelegele.

Saa ya chai nilimwomba mama msamaha, nikipaza sauti mbele ya watu wote, uso ukiniwaka moto. Alinyoosha kidole, akanigonga begani mara moja, kwa ufupi, vilevile kioo kinavyogonga, akanisogezea kikombe chake.