Shikamoo ya Shimo la Mungu

Kabla hujasema nimetunga, jiulize kwanza ninapata faida gani. Mwanamke gani atajitungia hadithi ya kumpoteza mwanawe wa pekee, na huku mwana huyo yuko hai, anakula, anacheka na ana simu mkononi? Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana wa saa saba, akili zangu timamu, na tangu asubuhi sijatia kitu tumboni zaidi ya mhogo wa kuchoma. Usiponiamini, hutakuwa wa kwanza. Mume wangu alikuwa mwendo wa dakika chache kutoka pale, na mpaka leo anasema nilipigwa na jua.

Tulikuwa tunakaa Masasi, miaka ile biashara ilipofunguliwa. Soko lilijaa sabuni za kila rangi, na wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanapishana barabarani na mizani zao. Mimi nilikuwa na meza yangu ya mitumba ya watoto. Baba Neema, mume wangu, alifundisha shule ya msingi, na somo lake alilolipenda kuliko chakula ni historia. Mtoto tulikuwa naye mmoja, Neema, wa miaka sita. Tulimbatiza kwa jina hilo, na mimi niliyemzaa sikujua kwamba ana jina jingine.

Mama yangu mzazi alihamia kwetu baada ya baba kufariki. Yeye alikuwa Mmakonde wa Makote, huko Newala. Mwaka ule hakuwa analala. Usiku kucha nilimsikia akinong'ona peke yake chumbani, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile, uzee. Basi jioni moja ya Juni, tunakula, akasema, "Hivi huyu mtoto ataijua lini Newala? Mpelekeni akaone boma la Wajerumani. Akaone Shimo la Mungu. Ndiyo asili yake."

Baba Neema alifurahi kuliko mtoto. Mtu akitaja boma mbele yake, amemchinjia kuku. Nami, sitakuficha, nilifurahi sana. Kwetu watu walisafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa ugonjwa. Kwenda mji wa watu kutazama tu na kurudi, hayo tuliyaona ni mambo ya Wazungu. Nikachagua gauni la njano kutoka mezani kwangu kabla wateja hawajaliona, nikamvalisha Neema, tukapata pikapu ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapanda Newala na kurudi siku hiyo hiyo. Sisi wanawake tulikaa mbele. Baba Neema alipanda nyuma kwenye magunia, kwa sababu kwetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, hata kama mvua inanyesha.

Ilikuwa siku nzuri, amini usiamini. Kule juu kuna baridi ya Juni inayokufanya ujifunge khanga mbili. Tulizunguka sokoni, tukala mhogo, tukaenda bomani. Baba Neema alipima unene wa kuta kwa mikono, akaeleza askari walikaa wapi na bunduki zilitokezea wapi, mpaka nikaona hata kuta zimechoka. Neema akauliza, "Baba, Wajerumani walichota maji wapi?" Baba yake akamsifu kwamba hilo ni swali la msomi. Mama ndiye aliyejibu. "Hawakuchota, mjukuu wangu. Walichotewa."

Kisha akasema twende Shimo la Mungu. Mume wangu akabaki na kuta zake, maana kusimama na mkwe mahali pamoja muda wote ule kulimchosha, na adabu ilikuwa inamtaka akae mbali. Tukaenda watatu, mama, mimi na Neema.

Kama hujafika, nikueleze. Uwanda wa Makonde unakwenda, unakwenda, halafu ghafla ardhi inakatika. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Juu hakuna maji. Enzi za mama, wasichana walishuka huko chini alfajiri na mitungi, wakarudi jua limekwisha kupanda. Kila nyumba ilikuwa na zamu zake, leo wewe, kesho dadako. Siku ile upepo ulikuwa mkali hata nikamshika Neema mkono, na khanga zetu zilikuwa zinapiga kelele.

Hapo ndipo msichana alipopanda kutoka chini.

Alikuwa wa miaka kumi na saba, kumi na minane hivi. Amejifunga kaniki nyeusi, usoni ana chale, kichwani mtungi wa udongo. Nilijiambia labda wana ngoma mahali, maana nani tena miaka ile alivaa kaniki, na mitumba imejaa hivyo? Nani alibeba mtungi wa udongo, na madumu yapo? Lakini kilichonishtua si hicho. Upepo ulikuwa unatung'oa sisi, na kaniki yake haikutikisika.

Akampita mama yangu bila kumwamkia, mtu mzima yule. Akanipita mimi. Akapiga magoti mbele ya Neema, mtungi ukiwa bado kichwani, akasema, "Shikamoo, mama."

Sasa wewe unaweza kushangaa kwa nini sikukimbia. Kwetu mtoto akirithi jina la mkubwa, watu humtania kwa kumwamkia kama yule mkubwa. Nikadhani msichana amemfananisha. Neema akajificha nyuma yangu, hataki kusema. Mama akanigusa kiwiko. "Mwambie mwanao aitikie. Au humfundishi adabu?"

"Mtoto anaogopa, mama."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mama yake."

Niliona aibu. Ndivyo tulivyo, aibu ya adabu inatutia woga kuliko simba. Nikainama, nikamwambia mwanangu, "Itikia, mama. Sema marahaba."

"Marahaba," akasema Neema.

Msichana akatua mtungi. Akamshika Neema mashavu kwa mikono miwili na kumwambia kwa Kimakonde, "Nimekungoja mno, mama." Akamchotea maji kwa kata, na Neema, ambaye nyumbani maji nilimnywesha kwa kumbembeleza, akanywa yote. Kisha yule msichana akamtazama mama yangu kwa mara ya kwanza. "Sasa kalale," akamwambia. Akajitwisha mtungi, akashuka.

Nilikwenda ukingoni kuangalia. Hapakuwa na njia, ndugu yangu. Vichaka vichache, halafu hewa tupu mpaka bondeni.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameketi chini, analia kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe. Akanieleza. Yule alikuwa dada yake. Alishuka kuchota maji, njia ikamomonyoka, hawakumpata. Mama yao, Nandonde, alikaa pale ukingoni siku baada ya siku akiita, mpaka naye akafa. Na sasa mwaka mzima dada alikuwa anamjia mama usiku, anamwambia neno moja tu, namtaka mama.

"Neema nilimpa jina la Nandonde akiwa bado mchanga, wewe umelala na homa," akasema. "Niliona anafanana naye. Lakini jina peke yake halitoshi. Lazima aitikie kwa kinywa chake, na lazima aagizwe na aliyemzaa."

Nilimwelewa polepole. Kumbe safari yote, boma, gauni la njano, vicheko vyetu ndani ya pikapu, vilikuwa vya kunileta mimi pale niseme maneno mawili.

"Mama, umemtoa mwanangu?"

"Wewe bado kijana," akasema. "Utazaa mwingine. Dada yangu mama yake alikuwa mmoja."

Nakuapia, maneno hayo aliyasema kwa upole kabisa. Ndiyo yaliyoniua. Mtu akikusaliti kwa ukali utajitetea, lakini huyu alikuwa ananifariji.

Neema akasogea, midomo bado ina maji. Akamtazama bibi yake, akasema kwa Kimakonde, lugha ambayo nyumbani hatukumfundisha hata neno, "Na tumbo lako, limepona?"

Mama aliacha kulia papo hapo. Akawa wa rangi ya majivu. Nilimtikisa mabega mpaka akasema alilobakiza: siku ile zamu ya maji ilikuwa yake. Alijilaza akasema tumbo linamuuma, kwa sababu kulikuwa na baridi. Dada yake akaenda badala yake. Kwamba alisingizia, hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yao.

Tulirudi Masasi jioni ile ile, Baba Neema akiimba nyuma kwenye magunia. Nilipomsimulia, akasema jua na njaa. Padri alikuja akaomba, Neema akaitikia amina vizuri kuliko sisi. Hakuwa mtoto mbaya, usifikiri hivyo. Alisoma, alikua, alinisaidia kazi. Ila tangu siku ile hajaniita mama. Aliniita jina langu, Agnesi, kwa sauti ya mtu mzima anayemwita mtoto. Na bibi yake, Neema alimwita "mwanangu".

Na mama? Mama alilala. Alilala usingizi mzito kila usiku mpaka anakufa, akikoroma, nami nikiwa macho chumba cha pili. Nilimlisha, nikamwogesha, nikamzika kwa heshima zote. Kumsamehe sikuweza, na siku yake ya mwisho aliponiuliza, nilimwambia hivyo hivyo. Msibani Neema alilia kama anavyolia mzazi aliyefiwa na mtoto. Mtoto mwingine sikupata.

Kwa hiyo nakuonya. Mgeni akimwamkia mwanao kwa heshima isiyo ya umri wake, mwache mtoto akae kimya. Watasema hana adabu, na aibu hiyo itapita. Na kama anayekuhimiza ni mama yako mzazi, mshike mtoto mkono uondoke, hata akulaani.

Neema ameolewa Newala, karibu na ukingo. Mwaka jana nilikwenda kumwona. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipikia ugali wa mtama na kisamvu. Watoto wake wakaja mbio kutoka shule, wakasimama mlangoni wakinishangaa, wakamuuliza huyu bibi ni nani.

"Mwamkieni," akawaambia. "Ni mjukuu wangu."

Watoto walicheka sana. Yeye hakucheka.