Soli za Mabeki Wawili

Zamani beki alisifiwa kwa mabao ambayo hayakuingia; siku hizi anasifiwa kwa idadi ya pasi alizopiga, hata kama nyuma yake nyavu zimetikiswa mara tatu.

Hivyo ndivyo alivyoamini Komeo, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Alikuwa fundi viatu, mwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa uwanja wa mpira, upande wa lango la wachezaji. Ndani mlienea kigoda chake, benchi la watu wawili waliopendana au watatu waliovumiliana, na redio iliyofungwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke. Viatu vilivyokwisha kushonwa vilining'inia kwenye kamba nene ya katani iliyokatiza kibanda kutoka ukuta hadi ukuta. Mteja mrefu akiingia bila kuinama, alipigwa usoni na viatu vya watu.

Jina la Komeo hakupewa na mama yake. Alipewa na mashabiki, alipokuwa beki wa kati wa timu kubwa ya mji kwa misimu tisa, ubavuni mwa mwenzake waliyemwita Kufuli. Wawili hao kwa pamoja waliitwa Mlango. Kufuli alikuwa na mbio. Komeo hakuwa nazo hata za kukimbilia mvua, lakini alikuwa na macho. Hakuangalia miguu ya mshambuliaji, aliangalia kiuno. Miguu ya watu wale ilikuwa na maneno mengi, alisema, kiuno hakikuwa na muda wa porojo.

Na walifanya kazi. Mazoezi yakiisha na wenzao wakikimbilia maji, wao walibaki. Walifungana kamba kiunoni, ndefu kiasi cha hatua nane, wakakimbia uwanja mzima, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Sharti lilikuwa moja: kamba isikaze na isiburure chini. Ikikaza, mmoja amemwacha mwenzake. Ikiburura, wamesongamana kama kuku wa mvua. Mwaka wa kwanza waliangushana mpaka wakachukiana. Mwaka wa tatu Kufuli alimuoa mdogo wake Komeo, kwa hiyo kamba ikawa ya kudumu.

Kamba yenyewe ndiyo hiyo iliyoning'iniza viatu kibandani. Hakuna kijana aliyewahi kuuliza ni ya nini.

Kutoka kazini kwake Komeo alijifunza jambo ambalo watangazaji wa redio na hesabu zao hawakulijua. Alisoma mabeki kwa soli. Wachezaji walimletea njumu zao abandike soli iliyofunguka au abadilishe meno yaliyokatika, na yeye, kabla ya kushika gundi, aligeuza kiatu juu chini akakitazama kama daktari anavyotazama ulimi. Beki anayekaba kweli hulika kisigino, kwa kuwa muda mwingi anarudi kinyumenyume. Wengi wa siku hizi walilika vidole.

"Huyu," alimwambia Kufuli siku moja, akiinua njumu ya beki aliyekuwa akisifiwa nchi nzima, "tangu msimu uanze hajarudi nyuma hata kwa bahati mbaya."

"Labda anarudi kwa teksi, shemeji," alijibu Kufuli.

Kufuli alikuja kila siku saa nne, na fimbo yake, akakaa kwenye benchi mpaka mchana. Mguu wake wa kulia ulikuwa hauna nguvu ya kusukuma ardhi; aliuvuta kama mtu anayevuta mtoto asiyetaka kwenda shule. Habari ya mguu ule waliijua wao wawili tu. Mwaka wa mwisho, siku tatu kabla ya fainali, mshipa wa nyuma ya kisigino ulikuwa ukimuuma, na kocha wao alikuwa mtu wa kumweka nje yeyote anayechechemea. Kufuli alimwomba mwenzake. Komeo, ambaye tayari alikuwa amejifunza ufundi kwa baba yake, alikata vipande viwili vya ngozi, akavibandika ndani ya njumu chini ya kisigino. Kisigino kikainuka, maumivu yakapungua, Kufuli akatembea mbele ya kocha kama bwana harusi. Dakika ya sabini mshipa ulikatika. Komeo aliusikia. Ulilia kama uzi mnene unaokatika kwenye shazia, ile sindano nene ya kushonea viatu.

Kombe walichukua. Kufuli hakucheza tena. Na mkewe, kwa miaka thelathini na moja, alimlaumu kocha.

Sasa, Jumatano moja saa tano asubuhi, aliingia kibandani beki wa kulia wa kati wa timu ileile, nahodha, kijana waliyemwita Ngazi kwa urefu wake. Viatu vya watu vilimpiga usoni. Alisalimia, akatoa njumu kwenye mfuko, akatazama nje kwanza.

"Mzee, naomba unipandishie kisigino cha kulia. Kidogo tu. Kwa ndani, kisionekane."

Nyundo ya Komeo ilisimama. Kwenye benchi, Kufuli aliacha kutafuna kijiti chake.

Komeo aligeuza njumu. Ya kushoto ilikuwa imelika vizuri, kiume. Ya kulia, sehemu ya kisigino ilikuwa mpya kabisa, maandishi ya kiwandani yanasomeka.

"Hukikanyagi."

"Kinauma kidogo, mzee."

"Tangu lini?"

"Mechi tatu. Rafiki yangu mmoja kaniambia kikiinuliwa maumivu yanakata."

"Daktari wenu anasemaje?"

"Hajui. Akijua nakaa nje. Na Jumamosi wanakuja watu kutoka ng'ambo kuniangalia, mzee. Mimi. Wamepanda ndege kwa ajili yangu. Nina miaka ishirini na saba, hawatapanda tena."

Komeo alimtazama kiuno, kwa mazoea. Kijana alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Na mwenzako? Anajua?"

"Kimya? Hajui. Sijamwambia mtu."

Hapo Komeo alipandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya siku nyingi. Kimya ndiye aliyekuwa beki wa kushoto wa kati, na Komeo alikuwa hamtaki. Mechi tatu mfululizo mtangazaji alisema kijana yule anaacha nafasi yake, na mechi tatu mfululizo Komeo aliitukana redio. Mzururaji! Anakwenda wapi?

"Misimu miwili mnasimama pamoja," alisema, "na hajui una mguu mbovu! Sisi huyu hapa akipiga chafya usiku, asubuhi mimi nina mafua. Mlete. Aje na njumu zake."

"Nikimleta utanipandishia?"

"Mlete kwanza."

Ngazi aliinama, safari hii akakumbuka, akatoka. Kufuli alichora chini kwa ncha ya fimbo.

"Utampandishia?"

"Kwani mimi mwendawazimu?"

"Mimi ulinipandishia."

"Uliniomba, shemeji."

"Na yeye kakuomba."

"Kumpandishia nini?" ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mke wa Kufuli, mdogo wake Komeo, na bakuli la chakula cha mchana lililofungwa kitambaa. Kila siku alikuja saa sita. Siku hiyo aliwahi. Wanaume wawili walitazamana kama wezi waliokutwa na kuku. Komeo angeweza kusema uongo. Aliutafuta, akaukosa. Akasema yote, vipande viwili vya ngozi, gundi, fainali, macho yake yakiwa kwenye nyundo.

Dada yake aliweka bakuli chini taratibu.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Nimemchukia mtoto wa watu miaka thelathini na moja. Msibani kwake sikwenda! Mkewe nikikutana naye sokoni navuka barabara!"

"Dada yangu..."

"Usinidadie. Na wewe," alimgeukia mumewe, "unalala na mimi chumba kimoja, unakoroma, na neno hili unalo tumboni?"

"Niliogopa utamkosa kaka," alisema Kufuli.

"Ningemkosa kwa wiki mbili, basi! Ningekuwa nimeshapona siku nyingi." Akavuta kanga yake, akakaa kwenye benchi katikati ya mumewe na rundo la viatu. "Siondoki. Huyo kijana arudi, nione kwa macho yangu utamfanya nini."

Saa tisa walirudi wawili. Kimya alikuwa mfupi, mpana, mwenye shingo ya mbeba mizigo, na kweli hakusema neno zaidi ya salamu. Akamkabidhi mzee mfuko wa njumu.

Komeo alizitoa kwa dharau. Akageuza ya kulia: kisigino kimelika, sawasawa. Akageuza ya kushoto, na dharau ikamwishia mkononi. Ukingo wa ndani ulikuwa umekwisha. Meno mawili ya upande ule yalibaki visiki. Kiatu hakiliki hivyo kwa kuzurura. Kinalika hivyo kwa mtu anayejisukuma kwenda kulia kwake, kwa ghafla, tena na tena, kuwahi mahali ambapo mwingine amechelewa.

"Wewe unamfunika huyu," alisema.

Kimya aliinua mabega. "Amekuwa mzito kugeukia kulia. Mechi ya tatu sasa."

"Ulijua?" Ngazi alishtuka. "Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Mke wa Kufuli alicheka kwa pua. Komeo hakucheka. Alishika kiatu kile muda mrefu kuliko kazi yake ilivyohitaji, akipitisha kidole gumba kwenye ukingo uliolika, na kijana ambaye yeye alimtukana mbele ya redio mechi tatu alikuwa amesimama mbele yake, anasubiri, mikono nyuma.

Kufuli alipandisha suruali bila kuombwa. Kovu lilikuwa jeusi, jembamba, na nyama ya nyuma ya mguu ilikuwa imenywea kama mfuko mtupu.

"Huyu fundi ni hodari," alimwambia Ngazi. "Kisigino alichonipandishia hakikuonekana. Nilitembea raha mustarehe mpaka dakika ya sabini."

Ngazi alilitazama kovu, akageuza uso.

"Mzee, ni Jumamosi moja tu."

"Yangu pia ilikuwa moja," alisema Kufuli.

Komeo alimtazama dada yake, ambaye hakumsaidia hata kwa kope. Kipande cha ngozi kilikuwa hapo mbele yake, kisu kiko hapo, gundi iko wazi. Kazi ya dakika kumi. Kijana alikuwa anamwomba kwa macho yaleyale, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba macho ya kuomba hayakubadilika hata kidogo, mengine yote yamebadilika.

"Sipandishi," alisema.

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

Kimya alinyoosha mkono, akachukua njumu za mwenzake kutoka magotini kwa mzee, akazitia kwenye mfuko wake pamoja na zake, akafunga zipu.

"Twende kwa daktari."

"Nitawakosa wale watu!"

"Utawakosa wale. Twende."

"Sitakusamehe."

"Sawa," alisema Kimya, akamshika kiwiko.

Jumamosi ile timu ilifungwa mbili bila, mabao yote mawili kutokea kulia, alikochezeshwa beki wa akiba. Wageni waliandika wanayoandika, wakapanda ndege, hawakurudi. Daktari alisema mshipa ulikuwa umeanza kuchanika, na Ngazi akakaa nje miezi mitano. Kwa miwili ya kwanza alipita mbele ya kibanda bila kusalimia. Komeo hakumlaumu. Naye dada yake, kwa wiki mbili kamili, alileta chakula akakiweka chini na kuisemesha redio. Siku ya kumi na tano alikwenda nyumbani kwa mjane wa kocha na kapu la matunda, wakalia, wakacheka, na tangu hapo wakawa wanatafutana kila Ijumaa.

Mwezi wa sita Ngazi aliingia kibandani, akaegemea nguzo, akavua kiatu cha kulia na kukigeuza mwenyewe bila kusema kitu. Kisigino kilikuwa kimeanza kulika.

Komeo alikitazama. Kisha alisimama juu ya kigoda, akaondoa viatu vya watu kimoja kimoja, akavirundika kwenye benchi mpaka Kufuli akakosa pa kukaa, akafungua fundo la kamba ukutani. Lilikuwa limekaa miaka mingi; ilibidi alilegeze kwa shazia.

"Hatua nane," alisema, akimpa kamba. "Isikaze, isiburure. Mwenzako atajua la kufanya."

Mwaka uliofuata mji ulijenga uwanja mpya nje kabisa, wenye viti vya plastiki na skrini kubwa, na fundi viatu hakuwekewa mahali; njumu za sasa zikifunguka zinatupwa. Ukuta wa zamani ulikuwa ubomolewe Jumatatu, na kibanda pamoja nao. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya mazoezi pale. Komeo alikuwa akifunga nyundo zake kwenye gunia Kufuli alipomwita kwenye ufa wa ukuta. Wenzao walikwisha ondoka. Uwanjani walibaki wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wamefungana kiunoni, wanarudi nyuma kwa pamoja kutoka katikati kuelekea lango, jua la alasiri likiwa mgongoni mwao.

Macho ya Komeo yalikuwa yamechoka.

"Shemeji," aliuliza, "imekaza?"

Kufuli alisogeza uso karibu na ufa, akatazama mpaka vijana wakafika kwenye mstari wa lango na kuanza kurudi.

"Haijakaza," alisema. "Wala haigusi chini."

Komeo alifunga mdomo wa gunia. Hakuwaona tena.