Maneno Aliyomwambia Raho

Hinda Warfa alikuwa ameuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyemlalamikia. Madumu yake aliyafukiza moshi kila asubuhi, na mikono aliinawa mpaka viganja vikapauka. Usafi ndio uliompa jina. Akisikia mtu ameugua hadi macho yakawa manjano, ugonjwa ambao nyumbani waliuita cagaarshow, alisema moyoni kwamba huyo amejitakia, kama si kwa uchafu basi kwa mwenendo.

Mdogo wake Raho alifika kutoka Hadado akiwa na mimba ya miezi saba. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa umemtesa, akaona heri safari hii ajifungulie mjini kwa dada yake. Wiki ya pili alikwenda kliniki ya wajawazito, akapimwa damu, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa na homa ya ini aina ya B. Nesi alikuwa amemwambia kwamba mumewe Yahye, watu anaoishi nao na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia. Raho alimweleza dada yake yote hayo, maana hakuona sababu ya kumficha.

Jioni ile ile Hinda alimtengea sahani, kikombe na mkeka. Kesho yake Raho aliposhika dumu ili amsaidie kumimina maziwa, Hinda alimpokonya mbele ya wateja wawili.

"Usiguse vyombo vyangu," alimwambia. Kisha, kwa kuwa wale wanawake walikuwa wakitazama, akaongeza, "Kamuulize mumeo ameuokota wapi huo ugonjwa."

Alasiri Raho alifunga mzigo wake akaenda kwa Batula, binti wa ami yao, aliyekaa mtaa wa Bula Iftin. Hinda alimwona akitoka, akajifanya anahesabu madumu.

Lakini maneno yalikwisha kutoka mdomoni, na sokoni hayakawii kuenea. Wateja wakaanza kumpita. Mmoja alimuuliza waziwazi kama yule mgonjwa bado yuko nyumbani. Baada ya wiki mbili Hinda alikwenda kliniki mwenyewe. Hakwenda kwa sababu nesi alitaka ndugu wapimwe. Alikwenda kutafuta karatasi ya kuwaonyesha watu kwamba yeye ni mzima.

Nesi Fathi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimtoboa kidole, akamwambia asubiri nje. Alipomwita tena alifunga mlango.

"Dada Hinda, na wewe unayo."

Hinda aliomba apimwe upya. Akapimwa, jibu likawa lile lile. Kisha aliuliza kama miaka yote hii alikuwa akiwauzia watu ugonjwa.

Fathi alimwambia hapana. Aina hii haipiti kwenye maziwa, wala sahani, wala kusalimiana kwa mkono. Hupita kwenye damu: wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine, kitanda cha mume na mke, na zaidi ya yote, mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Ile inayoletwa na maji na chakula kichafu ni aina nyingine, na watu huzichanganya. Mtu anaweza kukaa na B miaka mingi bila dalili yoyote huku ini likiharibika polepole. Kisha akauliza kama mama yao yuko hai.

Mama yao alifia Hadado akiwa amefura tumbo. Walimchoma kwa vijiti vya moto tumboni na kwenye vifundo vya mikono, kama walivyochomwa wagonjwa wengine kama yeye, na haikusaidia.

"Basi huenda nyote wawili mlizaliwa nayo," Fathi akasema. "Hakuna mwenye kosa."

Kwa Hinda, hilo la kwamba hakuna mwenye kosa lilikuwa zito kuliko ugonjwa. Alikumbuka neno alilolitumia, ameuokota, na uso ukamwaka mbele ya mtu ambaye hata hakulisikia. Alipewa tarehe ya kurudi kupimwa ini, akaambiwa amlete mumewe na watoto wapimwe, na asiye nayo achanjwe. Aliitikia kila kitu bila kuinua macho.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja Bula Iftin. Raho alikuwa ameketi mlangoni, miguu imevimba. Hinda alimwambia yote akiwa amesimama, maana hakuambiwa akae.

Raho alisikiliza mpaka mwisho. "Kikombe nilikusamehe siku ile ile, abaayo, dada yangu," alisema. "Lakini nilimpigia Yahye simu, nikamuuliza kama ulivyonituma. Nilimwita mzinzi. Tangu hapo hapokei simu yangu."

Hinda alitoa simu yake na kumpigia shemeji yake pale pale, mdogo wake akisikia. Alimwambia Yahye kwamba ugonjwa umetoka kwa mama yao, kwamba hata yeye anao, na kwamba lile tusi lilitoka kwake yeye Hinda, Raho alilibeba tu. Mwishowe Yahye aliuliza Raho anatarajia kujifungua lini.

Yahye alifika kwa lori la mifugo siku nne kabla ya uzazi. Alipimwa, hakuwa nayo, akaanza chanjo. Mtoto, msichana, alizaliwa hospitalini na kuchomwa sindano yake ya chanjo kabla saa ishirini na nne hazijapita, kama Fathi alivyosisitiza. Raho aliambiwa amnyonyeshe bila hofu, na asikose chanjo za wiki zinazofuata.

Hinda aliwatafuta wale wanawake wawili sokoni, akawaambia kwa kinywa chake kwamba ugonjwa anao yeye pia, na kwamba alimsingizia shemeji yake. Mmoja alimshika mkono, akaendelea kununua. Mwingine hakurudi tena.

Arubaini ilipokwisha Raho aliondoka na mumewe. Walikuwa wakilala kwa Batula mpaka siku ya safari. Hinda hupiga simu Hadado kila chanjo ya mtoto inapokaribia. Raho hupokea, hujibu kwamba wanakumbuka, humsalimia vizuri, kisha husema ana kazi.